Sotoka, chawa na njia ya Muyinga

Septemba 1892 msafiri mmoja Mwaustria, Oscar Baumann, alivuka mto Kagera na msafara wake akaingia Urundi kwa upande wa kaskazini-mashariki, upande ule ule iliko Muyinga ya leo. Mapokezi aliyoyapata hakuyatarajia. Watu walimiminika kutoka vilimani, wakamfuata siku baada ya siku kwa nyimbo na shangwe, wakimdhani ni mtu wa ukoo wa kifalme wa Mwezi aliyepotea zamani na sasa amerudi. Baumann alikuwa akitafuta chanzo cha Naili, lakini kitabu chake cha safari kina thamani kwa sababu nyingine. Mwezi Machi mwaka huo huo alikuwa amepita Ngorongoro, na huko aliwakuta Wamasai wamekwisha kwa njaa: wanawake waliobaki ngozi na mifupa, wapiganaji wasio na nguvu hata ya kusimama, watoto wanaongojea mabaki ya msafara. Ng'ombe wao walikuwa wamekufa karibu wote.

Waliuawa na sotoka, na sotoka haikuwa ugonjwa wa nchi hizi. Mwaka 1887 ng'ombe walioletwa kwa meli hadi bandari ya Massawa, Eritrea, kuwalisha askari wa Italia, waliteremka nayo. Ikaimaliza mifugo ya Ethiopia, ikashuka Kenya na Tanganyika, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imekwisha kufika Maziwa Makuu. Kirusi chake ni cha ukoo mmoja na kirusi cha surua. Ng'ombe ambaye hajawahi kukutana nacho hushikwa na homa, mdomo humtoka vidonda, machozi na kamasi humtiririka, kisha huharisha mpaka maji yakamwishia mwilini. Zizi lenye ng'ombe kumi asubuhi ya kwanza linaweza kubaki na mmoja kabla mwezi haujaandama.

Kwa Warundi wa enzi za mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo, ng'ombe alikuwa zaidi ya maziwa na nyama. Kulikuwa na ubugabire: mwenye ng'ombe wengi humkabidhi mtu ng'ombe mmoja au wawili, naye mpokeaji humletea pombe, humfanyia kazi siku kadhaa, na baadhi ya ndama hurudi kwa mwenyewe. Hivyo mali ya mtu mmoja ililala katika mazizi ya watu kumi, kwenye vilima kumi. Ilikuwa akili nzuri. Wezi wakivamia kilima kimoja, au nyasi zikikauka upande mmoja, mtu hafilisiki. Ila njia hizo za kupeleka ng'ombe, kurudisha ndama na kutembeleana zilikuwa ndizo njia za sotoka kutoka zizi hadi zizi.

Hapo ndipo ninapouona uzi unaopita katika historia yote ya maradhi mapya kati ya Muyinga na Gitega. Siku hizi ukitajwa ugonjwa mpya, watu huwaza msitu, popo, nyani, mwindaji aliyekula asichostahili kula. Mara nyingine ni kweli. Lakini katika nchi hii ya vilima vilivyolimwa hadi kileleni, ambayo misitu yake imebaki vipande, maradhi yamesafiri zaidi kwa njia zile zile ambazo watu huzitumia ili waishi pamoja: ng'ombe wa mahari, mbuzi wa zawadi, soko la Jumamosi, blanketi analopewa mkimbizi. Ndiyo maana kila amri ya kuyazuia imeumiza. Huwezi kuufunga mlango wa ugonjwa bila kumfungia nje shemeji.

Sotoka ilifuatana na wenzake. Funza, aliyeletwa na meli kutoka Brazil hadi pwani ya Angola mwaka 1872, alikuwa amelikata bara zima miaka ishirini baadaye, na Baumann huyo huyo aliona Uzinza, kusini mwa Ziwa Viktoria, watu waliolemazwa miguu naye. Ndui ilifuata misafara. Kisha malale ikaenea mwambao wa Ziwa Tanganyika, na Wajerumani, baada ya utafiti wa Robert Koch katika visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907, walijenga kambi za wagonjwa na kufyeka vichaka vya mbung'o kando ya ziwa. Mwanahistoria Christian Thibon, aliyefuatilia idadi ya watu wa Burundi tangu katikati ya karne ya 19, ameonyesha jinsi misiba ya watu na ya mifugo ilivyopandana katika miongo hiyo, huu ukiuandalia njia ule. Mwaka 1912 Wajerumani waliyahamisha makao ya utawala wao kutoka Usumbura, penye joto na mbu, wakaenda Gitega, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wawe karibu na mwami na wapate hewa ya baridi.

Baridi nayo ina wadudu wake.

Chawa wa nguo huishi kwenye mishono. Hujificha katika pindo la shati au kiuno cha suruali, huingia mwilini mara kadhaa kwa siku kunyonya damu, kisha hurudi kwenye kitambaa na kutaga mayai humo humo. Pwani, ambako mtu huvaa nguo nyepesi na kuzifua kila mara, hana maisha. Kwenye vilima vya Gitega, Muramvya na Kayanza, usiku wa kiangazi baridi hukaza hata watu wakalala na nguo walizoshinda nazo, wamebanana chini ya blanketi moja. Chawa akinyonya damu ya mgonjwa wa homa ya chawa, ile tifasi iliyoangamiza majeshi ya Ulaya, bakteria huzaliana katika utumbo wake mpaka ukapasuka. Mdudu hugeuka mwekundu, akafa. Kabla ya kufa huacha kinyesi juu ya ngozi, na mtu anapojikuna hujiingizia ugonjwa kwa kucha zake mwenyewe. Tena chawa hapendi mwili wenye homa kali wala maiti iliyopoa. Humwacha mgonjwa na kuhamia kwa anayelala ubavuni. Kama kuna ugonjwa uliozaliwa kwa ajili ya gereza na kambi, ni huu.

Charles Nicolle aliifichua kazi ya chawa mjini Tunis mwaka 1909 na akatunukiwa Nobel mwaka 1928. Bakteria yenyewe inaitwa Rickettsia prowazekii, kwa kuwakumbuka Howard Ricketts na Stanislaus von Prowazek, watafiti wawili ambao wote waliuawa na ugonjwa waliokuwa wakiuchunguza.

Burundi ilikuwa inafahamiana nao. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya wagonjwa wa tifasi walioripotiwa duniani kote walitoka katika nchi tatu tu za Afrika, yaani Burundi, Rwanda na Ethiopia. Baadaye homa ilipungua, ikaanza kusahaulika, na wauguzi wengi vijana waliisoma darasani pasipo kuiona wodini. Haikuwa imeondoka. Aliyepona tifasi anaweza kubaki na bakteria mwilini kimya kwa miaka mingi. Akidhoofika kwa uzee, njaa au maradhi mengine, homa humrudia safari hii kwa upole, na chawa akimnyonya siku hizo, mnyororo huanza upya. Kwa hiyo katika nchi hii ghala la tifasi halikuwa panya wala popo. Lilikuwa wazee waliopona, wanaoota jua mlangoni.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia vitani. Vilima vilihama. Watu walikimbilia makanisani, mashuleni, penye vituo vya jeshi. Wengine walipita Muyinga wakavuka hadi Ngara nchini Tanzania, wengine wakaingia Rwanda na Zaire. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi, na serikali yake ikawakusanya wakulima wa Kayanza, Karusi, Muramvya na kwingineko katika kambi, kwa nguvu, ili waasi wakose chakula na maficho. Kabla mwezi huo haujaisha, nchi jirani zilikuwa zimetangaza vikwazo vya biashara. Petroli ikawa ya magendo. Bidhaa za dukani zikapanda bei, sabuni na dawa zikiwemo. Mtu aliyeng'olewa nyumbani na nguo alizovaa, akapangiwa kibanda cha majani pamoja na familia nyingine, mbali na kijito, hahitaji kuelezwa chawa wametoka wapi.

Waliotangulia kuanguka walikuwa wafungwa wa gereza la Ngozi, mwaka 1995. Damu ya wafungwa tisa ilipopimwa katika maabara ya Marseille, Ufaransa, wote walikutwa na alama za Rickettsia prowazekii, na chawa waliotolewa katika nguo za wafungwa wakakutwa na bakteria ile ile. Kwa njia hiyo jina la ugonjwa lilithibitishwa na mdudu mwenyewe, aliyesafirishwa hadi Ulaya.

Nje ya gereza watu walikwisha kuuita sutama. Homa ya ghafla, kichwa kinachopasuka, viungo vyote vinavyouma, mtu akajikunyata pembeni mwa kibanda asitake hata maji. Katika zahanati alipewa dawa ya malaria, kwa kuwa homa ya Burundi ni malaria mpaka uthibitishe vingine, na darubini za vituo vya afya hazikuweza kuthibitisha. Upele, dalili inayosisitizwa mno katika vitabu vya Ulaya, ulionekana kwa wagonjwa wachache tu. Kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi. Hivyo mgonjwa alirudi kambini na vidonge vyake vya klorokwini, akalala tena chini ya blanketi lile lile.

Didier Raoult wa Marseille na Mrundi Jean-Bosco Ndihokubwayo, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao mwaka 1998. Katika miezi tisa ya kwanza ya 1997 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 40,000. Hakukuwa na mlipuko wa tifasi mkubwa kiasi hicho popote duniani tangu Vita Kuu ya Pili. Na pamoja nao ulikuwepo ugonjwa mwingine wa chawa, ile homa ya mahandaki iliyowatesa askari wa Ulaya miaka ya 1914 hadi 1918. Nusu karne ya dawa na viwanda, na nyanda za juu za Burundi zilikuwa zinaugua maradhi ya mahandaki ya Ufaransa.

Tiba ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Miligramu 200 za doksisaiklini, yaani vidonge viwili vinavyomezwa mara moja, zinatosha kumponya mgonjwa, na tangu wauguzi waliporuhusiwa kuzitoa kwa yeyote mwenye dalili bila kungoja kipimo, vifo vilishuka sana. Lakini kidonge hakimuui chawa. Chawa huuawa na maji ya moto, sabuni, pasi inayopitishwa kwenye mishono, nguo ya pili ya kubadilisha. Huuawa pia na nafasi: kitanda kilicho mbali na kitanda. Kwa maoni yangu kilichoimaliza sutama ni mambo mawili kwa pamoja, vidonge na kurudi nyumbani, kambi za Kayanza na Karusi zilipoanza kufunguliwa na watu wakarejea vilimani kwao. Yule aliyetoa amri ya kuzijaza kambi na yule aliyegawa doksisaiklini walikuwa wakifanya kazi katika nchi moja, mara nyingine kwa mshahara wa serikali moja.

Mwisho wa 2000 malaria ilipanda milima ya kaskazini na kati kwa kishindo. Mabonde yaliyokuwa na mafunjo yalikuwa yamefyekwa ili kulimwa mpunga, mbu akapata madimbwi yenye jua, na klorokwini ilikuwa imekwisha kuishiwa nguvu. Mwaka 2003 nchi iliiacha dawa hiyo ikachukua mchanganyiko wa artesuneti na amodiakwini. Hiyo ni historia nyingine na inadai makala yake.

Turudi kwa wanyama. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani yalitangaza kwamba sotoka imefutika duniani, ugonjwa wa pili kufutwa na binadamu baada ya ndui. Wagonjwa wa mwisho walikuwa nyati wa hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Sherehe zilistahili. Ila binamu yake alikuwa njiani. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyotambuliwa mara ya kwanza Ivory Coast mwaka 1942, ilikaa Afrika Magharibi kwa miongo mingi, kisha ikaonekana Kenya, Uganda na Tanzania kati ya 2006 na 2008. Desemba 2017 ilifika Burundi, na Gitega ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuumia, pamoja na Kirundo, Karusi, Mwaro na Muramvya.

Mbuzi ndiye mnyama anayehama haraka kuliko wote. Ng'ombe huuzwa kwa mashauri ya ukoo, mbuzi huuzwa asubuhi ya siku ya karo. Baada ya vita alikuwa pia mnyama wa kuanzia maisha: miradi iliwagawia wajane na waliorudi ukimbizini mbuzi jike mmoja mmoja, mtoto wake wa kwanza apelekwe kwa jirani, na jirani naye afanye vivyo hivyo. Ukiutazama mfumo huo vizuri utaona ni ubugabire wa maskini. Kirusi kilipochunguzwa kilifanana sana na vile vilivyowahi kupatikana Kenya na Uganda, ishara kwamba kilikuja kwa mwendo wa biashara ya mifugo ya ukanda huu. Mbuzi walikufa kwa maelfu, pua zimeziba, macho yameganda tongotongo, wanaharisha, na mwaka 2018 chanjo ilipelekwa nchi nzima. Ugonjwa huu haumwingii mtu. Humwachia zizi tupu tu, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shuleni.

Homa ya Bonde la Ufa humwingia. Iligunduliwa kando ya Ziwa Naivasha, Kenya, kwenye shamba ambalo mwaka 1930 wanakondoo walikuwa wakifa kwa mamia, na Daubney, Hudson na Garnham wakaieleza mwaka 1931. Kirusi chake kinajua kungoja. Kuna mbu wanaotaga kwenye udongo wenye unyevu, kwenye mabonde yanayofurika mara chache, na mama mwenye kirusi huyarithisha mayai yake. Mayai hukauka, hulala ardhini miaka. Mvua kubwa ikijaza bonde huanguliwa mbu ambao wamezaliwa wagonjwa, wakamuuma ng'ombe. Damu ya ng'ombe hujaa kirusi, na sasa mbu wa kila aina wanaweza kukibeba. Majike hutupa mimba, zizi zima kwa wiki moja. Ndama hufa. Wakati huo wengine wanatokwa damu puani.

Kwa muda mrefu Warundi waliusikia kama ugonjwa wa wengine. Mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998, wakati wa mvua za El Niño, uliua watu Garissa na kusini mwa Somalia. Mwaka 2000 ulivuka bahari hadi Saudia na Yemeni. Mwaka 2006 na 2007 ulirudi Kenya na Somalia, ukaingia Tanzania. Kisha Aprili na Mei 2022 ng'ombe wa kaskazini mwa Burundi, Kirundo, Ngozi na Muyinga, nchi ya maziwa madogo na mabonde ya Kagera na Ruvubu, walianza kutupa mimba na kufa wakitokwa damu. Upande wa pili wa mpaka, Rwanda nayo ilikuwa ikihesabu mizoga.

Miezi saba tu kabla ya hapo, Oktoba 2021, ilikuwa imeanza kutumika sheria ya mwaka 2018 inayokataza kuchunga ng'ombe ovyo. Kila mfugaji amfungie ng'ombe wake bandani, amkatie majani, amletee maji. Sababu zilikuwa ardhi na ugomvi wa wakulima na wachungaji; lakini mtu angetarajia kwamba ng'ombe aliyefungwa hataambukizwa na wa jirani. Haikuwa hivyo, na si ajabu. Mbu haombi ruhusa ya kuingia bandani, na banda la Mrundi mwenye shamba dogo liko hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Tena ng'ombe wa bandani bado hununuliwa, hupelekwa kwa dume, hutolewa mahari, na mwisho huchinjwa.

Tumtazame mtu anayemzalisha ng'ombe usiku. Ndama amekufa tumboni. Mwenye ng'ombe anaingiza mkono hadi kiwiko, hana glavu, mke ameshika taa, mtoto anavuta kamba. Kondo la nyuma linatoka pamoja na damu na maji, na hayo yote yamejaa kirusi kuliko mbu elfu. Asubuhi, ng'ombe akidhoofika, watasema afadhali achinjwe kabla hajafa, nyama isipotee. Mchinjaji atapigwa na damu usoni. Baada ya siku chache mmoja wao atakuwa na homa na maumivu ya mwili, na atapewa dawa ya malaria. Wengi hupona hivyo hivyo bila kujua waliugua nini. Wachache hupofuka au hutokwa damu hadi kufa. Kutoka mtu hadi mtu haijawahi kuthibitishwa kwamba homa hii hupita. Anayekaa hatarini ni yule aliye karibu na mnyama wake, anayempenda na kumhudumia.

Amri ilitoka Mei 2022. Masoko ya ng'ombe yakafungwa, kuwavusha kutoka mkoa hadi mkoa kukakatazwa, machinjio yakanyamaza. Kwa nchi ambayo jioni yake haikamiliki bila mishikaki, mabucha kukosa nyama ya ng'ombe ilikuwa habari kubwa mjini, na magazeti yaliiandika hivyo. Vilimani habari ilikuwa nyingine. Aliyekuwa amepanga kuuza fahali alipe deni la mbolea alibaki naye, akimlisha. Aliyekuwa amefiwa na ng'ombe aliambiwa amzike kwa kina, asile, asiuze ngozi. Walitii wengi, na ambao hawakutii tunaweza kuwaelewa: kumfukia ardhini mnyama wa thamani ya mavuno ya miaka miwili ni kazi inayohitaji zaidi ya tangazo la redio. Chanjo ilifika ikapelekwa kwanza kaskazini. Masoko yakafunguliwa tena. Ng'ombe waliochanjwa na waliopona wana kinga. Ndama waliozaliwa baada yao hawana, na kila mwaka zizi hujaa hao.

Hofu ya kutokwa damu puani haikwisha na amri. Machi 2023, katika kilima cha Baziro, tarafa ya Gitobe, mkoa wa Kirundo, jirani na Muyinga, watu watatu walikufa kwa haraka, wakiwa na homa, kutapika na damu puani. Tarehe 21 ya mwezi huo huo Tanzania ilikuwa imetangaza Marburg mkoani Kagera, wilaya ya Bukoba, ambako mwishowe walihesabiwa wagonjwa tisa na vifo sita. Kutoka Kagera hadi Muyinga ni mwendo wa lori wa saa chache. Kilima cha Baziro kiliwekwa karantini, sampuli zikachukuliwa, na wizara ya afya ikatangaza kwamba si Ebola wala Marburg. Watu wakapumua.

Kituo cha mpakani cha Kobero, kinachotazamana na Kabanga ya Ngara, ndiyo pua ya Muyinga. Hapo ndipo mzigo wa Dar es Salaam huingilia: saruji, mafuta, ngano, nguo za mitumba. Dereva na utingo wake hulala hapo siku moja, siku mbili, wakingoja karatasi. Mama ntilie huwapikia, vijana hubadilisha fedha. Baadaye lori moja hushika njia ya Ngozi kwenda Bujumbura, jingine hupitia Karusi hadi Gitega. Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza Marburg tena, safari hii Biharamulo, karibu zaidi na mpaka. Watu kumi walihesabiwa kuugua, na wote kumi walikufa, kabla ya mlipuko kutangazwa umekwisha tarehe 13 Machi. Rwanda ilikuwa imetoka kwenye Marburg yake mwezi Desemba, wagonjwa 66 na vifo 15. Kobero watu walipimwa joto na kunawa mikono, na ugonjwa huo haukuvuka.

Uliovuka ulitoka upande mwingine, na haukuwa na haraka ya kuua. Mwezi Septemba 2023 katika machimbo ya dhahabu ya Kamituga, Kivu Kusini, ilianza kuenea aina mpya ya mpox, ugonjwa uliojulikana kwa binadamu tangu 1970, wakati mtoto mmoja wa Kongo alipokutwa nao. Wa zamani ulitoka kwa mnyama, ukaugusa ukoo mmoja, ukafifia. Huu ulijifunza kukaa kwa watu: kwanza kwa wachimbaji na wanawake waliolala nao, kisha katika nyumba zao. Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilitangaza wagonjwa wake watatu wa kwanza. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa zaidi ya 2,500, ni Kongo pekee iliyokuwa na wengi zaidi, na Gitega, ambayo tangu 2019 ndiyo mji mkuu wa kisiasa, ilikuwa imekwisha kuingia katika orodha ya wilaya zenye wagonjwa. Waliokufa walikuwa wachache mno.

Sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa watoto. Kirusi hiki hupita ngozi kwa ngozi, na ndugu watatu wanaolala godoro moja wanagusana usiku kucha. Wahudumu walifundisha kumtenga mgonjwa chumbani peke yake, somo ambalo familia ya watu saba katika vyumba viwili hulisikiliza kwa adabu na kuendelea na maisha yake. Kwa hiyo mgonjwa alilazwa hospitalini, bila malipo, mpaka malengelenge yakauke na maganda yadondoke, wiki mbili hadi nne. Mtoto hawezi kulala peke yake, basi mama alilala naye. Mama akilazwa, mdogo anayenyonya anakuja pia. Huko kilimani maharage yanangoja palizi, na baba ama yuko Bujumbura anasukuma mkokoteni ama amevuka Tanzania kulima kibarua, kwa njia ile ile ya Muyinga na Kobero, na atarudi wakati wa mavuno.